Zamu ya Mama Chebet

Mjukuu wangu Wanjiru,

Huku Ndabibi tumeamka salama. Babu yako amepona kikohozi, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza kama uhame chumba huko bwenini kwa sababu wenzako hawataki ukae chumba kimoja na msichana wa kabila lile lingine. Mimi nilikuwa kidato cha pili kule Olenguruone, mwoga, mtu wa vitabu tu, vita vya kikabila vilipoanza. Mama yangu na Mama Chebet, jirani yetu wa kabila la huyo msichana, walikuwa wakichimbiana viazi kwa zamu kila Jumanne, wiki moja shambani kwetu, wiki nyingine kwake. Zamu yetu ilipofika, vijana wa kabila lake walimzuia njiani na mishale.

"Mama Chebet, kwa hao hakuna kwenda tena," mmoja akamwambia.

"Wiki jana jirani yangu alinichimbia magunia matatu," Mama Chebet akasema, akimnyooshea kijana huyo jembe. "Basi shika, uende badala yangu. Lakini mama yako anasema hata sahani yako huoshi."

Wenzake wakacheka. Mama Chebet akapita, akachimba nasi mpaka jioni.

Wiki hiyo nyumba yetu ilichomwa, tukahamia kanisani. Hayo mengine sitaki kuyaandika. Jumanne ilipofika, Mama akaniuliza jembe liko wapi.

"Mama, unaenda wapi na watu wanauawa?"

"Leo ni zamu ya Mama Chebet."

Akashika barabara kubwa, mchana kweupe, jembe begani. Nikaazima jembe lingine, nikamfuata.

Ni mimi nyanya yako.