Umri wa Shangazi na Nyumba ya Babu Mussa

Nyuma ya Soko,
Moshi, Tanganyika.
9 Septemba, 1951

Mpendwa Kaka Alawi,

Shikamoo. Hujambo huko Tabora? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mafua yananisumbua. Mlima umejifunika wiki nzima na baridi inatuingia mpaka kwenye mifupa.

Barua yako tuliipata. Nilimsomea Shangazi Amne yote, pamoja na pale uliposema nyumba ya Babu ni udongo tu, waacheni waivunje. Amekununia. Mimi pia nimekununia, lakini nitakupa habari kwanza ndipo nikugombeze.

Unajua barabara yetu inapanuliwa. Tulitangaziwa kwamba nyumba zilizojengwa kabla ya reli kufika Moshi zitaachwa, za baadaye zitavunjwa. Tukashangilia. Nani asiyejua kuwa Babu Mussa alizisimamisha nguzo zile za mti wa mringaringa wakati wa Mjerumani, reli bado iko mbali huko?

Tuliposikia Bwana Mpimaji atakuja Jumanne, tulifanya kama watu wenye adabu wafanyavyo mgeni anapokuja. Tuliziba nyufa zote, tukapaka chokaa ndani na nje. Shangazi akaagiza mlango mpya kwa fundi Thadeus, na ule wa zamani tukaupasua kuni. Ee kaka, nyumba ilimeta!

Bwana Mpimaji akaizunguka mara mbili, akagonga ukuta, akanusa chokaa mbichi. Akasema nyumba hii haina hata miaka mitano. Akachovya brashi, akatuwekea alama nyekundu ya kuvunjwa kwenye ukuta wetu mweupe! Tukamweleza kuwa ule ni usafi tu. Akauliza mlango wa zamani uko wapi. Sote tukageuka kutazama jikoni, moshi ukifuka.

Hati ya Babu ililiwa na mchwa siku nyingi. Basi akataka aletwe mtu aliyeishi humu kabla ya reli. Kaka, hao wote wako makaburini. Amebaki mmoja tu, naye alikuwa amesimama pale mlangoni anajifunga kanga upya.

Umekaa mbali sana, nikukumbushe. Hapa mjini Shangazi anajulikana kuwa amezaliwa mwaka 1916, Waingereza walipoingia. Ndivyo alivyomwambia Seleman, yule fundi cherehani, alipomwoa miaka saba iliyopita. Na ndiyo maana kila asubuhi humwamkia jirani yetu Mama Mektrida shikamoo, tena kwa sauti ya kitoto.

Shangazi akaitazama ile alama nyekundu. Akawatazama watu waliojaa barabarani. Halafu akasema, tena kwa sauti, kwamba siku treni ya kwanza ilipoingia Moshi yeye alikuwa amekaa kwenye baraza hii, meno ya mbele yameng'oka, anakula ndizi ya kuchoma. Honi ilipolia alikimbilia ndani, akaikumbatia nguzo ya chumba alichozaliwa, akalia mpaka akachoka. Akampeleka Bwana Mpimaji mpaka kwenye nguzo yenyewe. Yule bwana akakwangua chokaa, akauona mti mweusi kwa moshi wa miaka mingi, akaandika.

Huko nje watu walikuwa wanahesabu kwa vidole. Seleman akainuka kwenye cherehani yake, akainamisha kichwa kwa heshima zote: "Shikamoo, mke wangu." Lo! Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mama Mektrida hakucheka hata kidogo. Alishika kiuno: "Amne! Miaka kumi na miwili nakuitikia marahaba, kumbe unanizeesha!" Sasa kila akipita na ndizi zake kwenda sokoni anamwamkia Shangazi mara tatu tatu, anasema anazirudisha shikamoo zake.

Basi alama imefutwa, nyumba imepona. Ila tumepewa cheti cha kutundika ukuta wa nje, mahali pa kusomeka, nacho kinasema: Shahidi ni Amne binti Mussa, aliyezaliwa humu mwaka 1904. Wapita njia husimama wakakisoma, wengine kwa sauti, hawana haya.

Jana nikamwonea huruma, nikakifunika kwa kanga. Shangazi akatoka, akaivuta, akaikunja taratibu. "Waache wasome," akaniambia. "Mama alinizalia humu, na baba yenu alitolewa humu kwenda kuzikwa. Miaka yangu ningeificha mpaka lini, na nyumba ikalale chini?" Nililia, kaka, nasema kweli. Mwanamke aliyeficha miaka kumi na miwili ameitoa yote hadharani kwa sababu ya udongo huo huo ambao wewe ulisema ni udongo tu.

Mwandikie umwombe radhi. Nitamsomea barazani, na majirani wasikie.

Seleman anakusalimu, na Mama Mektrida pia. Wabusu watoto. Mola akulinde kazini na akulainishe moyo.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikikununia,

Shani