Kadi ya Dafne ya Mlango wa Nyuma

12 Julai 2016

Kwa Bi. Isla Dunnett, mjumbe wetu unayeuguza nyonga nyumbani,

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA CHAMA CHA BUSTANI ZA NYUMBANI, RIVERTON, KILICHOFANYIKA JUMANNE SAA SABA NA NUSU MCHANA KATIKA CHUMBA CHA NYUMA CHA UKUMBI WA KANISA

Waliohudhuria:
Bi. Ngaire Paki – Mwenyekiti
Bw. Colin Haggart – Mjumbe
Bi. Ruth Sinnott – Mjumbe
Bw. Alec Meikle – Katibu

Aliyetoa udhuru:
Bi. Isla Dunnett – Mjumbe

KUMB. NA. 1/7/2016: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao baada ya hita kupata joto na mikate ya kukunja yenye jibini, iliyoletwa na Bi. Sinnott, kwisha.

KUMB. NA. 2/7/2016: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Mwenyekiti alieleza kwamba katika kumbukumbu za Mei na za Juni, jina la Bi. Jean Meikle limeandikwa miongoni mwa waliotoa udhuru. Alikumbusha kwa upole kwamba marehemu alizikwa mwezi Aprili na kamati yote ilikuwepo makaburini. Katibu alikiri kosa. Alisema ameandika jina la mke wake katika orodha za wajumbe kwa miaka kumi na tisa na mkono uliliandika wenyewe. Jina lilifutwa na kumbukumbu zikathibitishwa.

KUMB. NA. 3/7/2016: PICHA ZA ONYESHO LA JUMAMOSI
Kama kawaida, kila picha ya shindano ililetwa pamoja na kijitawi cha mmea uleule ndani ya kikombe cha yai, kile kidogo cha kusimamishia yai la kuchemsha, ili anayetazama aweze pia kunusa. Wajumbe walisifu maua ya nargisi ya Bi. Sinnott, yaliyopigwa picha mbele ya shuka nyeupe kwenye kamba ya kuanikia. Mwenyekiti alisema yanamkumbusha jiko la mama yake.

Maua ya urujuani ya Bw. Haggart yalisifiwa kwa rangi. Bi. Sinnott aliuliza kuhusu umande uliokuwa juu yake.

"Colin, bwana wee, umande wa hapa haujawahi kupanga matone kwa mstari. Hiyo ni chupa ya kupulizia."

Bw. Haggart alijibu kwamba umande ulikuwepo, yeye aliongezea tu. Picha ilikubaliwa.

KUMB. NA. 4/7/2016: PICHA YA DAFNE
Katibu aliwasilisha picha ya dafne, kichaka cha maua ya kunukia kinachochanua wakati wa baridi, iliyo kando ya mlango wa nyuma wa nyumba yake. Mwenyekiti alitaka iandikwe kwamba harufu ya kijitawi kile ilijaza chumba kabla picha haijatolewa kwenye bahasha, na kwamba vishada havijawahi kuwa vingi hivi. Kwenye kadi, mahali pa jina la mshiriki, Katibu alikuwa ameandika: Jean Meikle.

Bw. Haggart alipinga. Alisoma Kanuni ya 4, isemayo kwamba mtunza mmea ndiye atakayeupiga picha, na akauliza marehemu ameshikaje kamera. Bi. Sinnott alimkumbusha kwamba dafne hiyo imemshinda miaka sita mfululizo, na kwamba angeweza kusubiri mwaka mmoja kabla ya kufungua kitabu cha kanuni.

Katibu alieleza kwamba Jean aliupanda mmea huo kabla nyumba haijaezekwa. Yeye alisimama tu juu ya kiti cha jikoni, pale alipozoea kusimama Jean, saa nne asubuhi jua linapopita juu ya banda. Alipiga picha kumi na nne, na kumi na tatu ni za ukuta. Aliomba kwamba, ikiwa jina la mke wake lazima liondolewe, picha nayo iondolewe.

Bw. Haggart aliuliza ni nani anayeutunza mmea huo tangu Aprili. Katibu aliendelea kuandika kumbukumbu.

"Basi nitasema mimi, maana uzio wetu ni mmoja," alisema Bw. Haggart. "Kila jioni unaufunika shuka kuukinga na baridi. Kila asubuhi unautilia chai iliyopoa, umevaa koti la Jean ambalo mikono yake inakuishia kwenye viwiko. Ndugu yangu, dafne ni mmea wa kununa. Ukiukosea kidogo, unakufa. Mimi nimeshafukia tatu. Huu umechanua kuliko mwaka jana. Si Jean aliyeufikisha hapa, Alec. Ni wako sasa."

Katibu aliomba kutoka nje kidogo. Kikao kilisimama kwa dakika kumi.

Aliporudi, Bw. Haggart alionyesha kwamba kadi ina sehemu mbili, na kwamba hakuna kanuni inayomzuia mtu kuuita mmea wake atakavyo. Kwa kauli moja iliamuliwa kadi isomeke hivi: Mmea: Dafne ya Jean. Mshiriki: Alec Meikle. Katibu aliiandika mwenyewe mbele ya wajumbe. Bw. Haggart alimshikia kikombe cha yai.

KUMB. NA. 5/7/2016: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa tisa na robo. Wajumbe walichelewa kutoka, kila mmoja akipitia tena kwenye kikombe kile kunusa.

Ngaire Paki, Mwenyekiti
Alec Meikle, Katibu

Isla, ndani ya bahasha hii nimekutilia kijitawi cha dafne yangu. Ukikinusa, mkumbuke Jean.