Vidonda Ambavyo Hakuwa Navyo

Jumatatu, 3 Machi

Binti wa dada kaingia chumbani kwangu moja kwa moja, hata viatu hakuvua. Kuna balaa shuleni. Binti alipolazwa kwa sonona, dada aliwatangazia watu kuwa ni vidonda vya tumbo. Haya! Sasa rafiki yake wa dawati moja anaumwa tumbo kweli, na anataka dawa zilizomponya mwenzake. Nigawie hata vidonge viwili, eti.

Anauliza: amwambie ukweli au anyamaze? Ulimi uliniwasha niseme mwambie! Nikajizuia. Siri si yangu. Nikasema dawa ya mtu haigawiwi, hilo tu linatosha kumkatalia, si lazima aeleze anaumwa nini. Akashusha pumzi. Kisha akasema: lakini ataendelea kuniuliza nilivyopona, na mimi nimechoka kuumwa tumbo.

Tukacheka wote wawili. Halafu machozi yakamlengalenga.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya kumwambia ukweli. Mimi nilikuwa rafiki. Nikashika kifua, nikajiangusha juu ya vitambaa vya wateja ninaowashonea. Mama mdogo, acha hizo, akasema binti, yule hazimii ovyo! Tukaanza upya.

Nikamuuliza, akisambaza je? Akasema wapo watakaomwita chizi, hilo analijua. Ila huyu alimnakilia notsi za kila somo alipokuwa hospitali. Na nisiposema? akauliza. Nikamwambia atakuwa hajamkosea mtu. Sijui kama aliniamini.

Alhamisi, 6 Machi

Dada kasikia. Moto! Eti namfundisha mwanawe kujianika. Eti atachumbiwa na nani? Nikamjibu mtoto ana miaka kumi na sita, mwache amalize hesabu kwanza. Hakucheka. Baadaye kalia jikoni, bomba kalifungulia ili tusimsikie. Namwonea huruma dada yangu. Alitaka kumkinga mwanawe na midomo ya watu, basi.

Jumamosi, 8 Machi

Rafiki kaja! Kabeba papai, anasema ni laini kwa matumbo yao. Dada kampokea kwa bashasha, akaanza: vidonda ni vibaya mwanangu, huyu wangu mimi — binti akamkatiza. Kwa adabu, lakini akamkatiza. Mama, naomba niseme mwenyewe.

Nikatoka. Mama mdogo hana kazi hapo. Nipo kwenye cherehani, sishoni, naandika tu, sikio liko ukutani. Namsikia binti. Si maneno ya mazoezi yetu, ni mafupi zaidi. Sina vidonda. Sijawahi kuwa navyo.



Rafiki anauliza: kwa hiyo ulinidanganya? Mungu wangu. Nimesimama niende — nimekaa tena. Kiti kinaburuzwa. Ni dada:

— Hakukudanganya yeye, mwanangu. Ni mimi.