Kwa Nini Naketi na Mashabiki wa Mbio za Magari

Mpwa wangu Katana,

Sisi huku Gede wazima, bibi yako akusalimu, na Neema ameota meno.

Waniuliza kwa nini mimi shangazi yako hupenda kusikiliza wanaume wakibishana juu ya magari ya mbio. Siku uchungu wa uzazi uliponishika, barabara ilikuwa imefungwa kwa mbio hizo. Mashabiki walikuwa wakitaniana, "Gari lenu hilo likifika mchangani litachimba kisima." Waliponiona, mmoja wao, Mzee Kazungu, ajuaye zinakopita mbio, akanipakia kwenye pikapu yake, akapita njia za mashambani. Tukawahi hospitali, Neema akazaliwa salama.

Gari alilolingoja Mzee Kazungu tangu alfajiri lilipita bila yeye kuliona. Nilipomwomba radhi akacheka. "Mamangu, hilo litarudi mwakani. Wewe ungengoja?"

Magari bado siyajui, mwanangu, ila wakianza kubishana nawapelekea chai, nami naketi.

Shangazi yako,
Mama Neema