Miguu ya Mama Okari

Baba Joyline,

Maharagwe niliyapika jana kabla ya jua kutua, kwa hiyo leo Sabato yapashe moto tu. Joyline avae soksi zinazofanana.

Afute pia ile mistari ya chaki ukutani niliyohesabia siku. Siku zangu thelathini na moja za kujifunza upole zimekwisha asubuhi hii, kuku wa Mama Okari walipomaliza sukuma wiki yangu, nami nikamtamkia jirani yetu maneno yasiyomo katika Biblia.

Leo kanisani tunaoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana. ~~Nitamchagua mke wa mzee wa kanisa, ambaye hafugi kuku.~~ Nimetangulia na beseni ili nimwoshe Mama Okari mwenyewe. Akiniwahi kuomba msamaha mbele ya akina mama wenzetu, sitamsamehe.

Mama Joyline