Mpelelezi Anataka Nimwambie Mume Wangu Asaini

Dada Zuura mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi nimeruhusiwa kumwona mume wangu Tilek mahabusu, na ruhusa yenyewe nimepewa kwa sharti kwamba nikamwambie asaini, nami sijui kama nitamwambia au nitakaa pale nilie tu.

Tilek huwapigilia farasi viatu, bonde zima linamjua, na yuko ndani tangu theluji ya kwanza kwa sababu farasi wa mashindano wa tajiri mmoja aliibwa, na Tilek ndiye aliyempigilia viatu wiki ile, basi wakasema ni yeye, na mpaka leo kesi haijaanza, kila muda ukiisha jaji anauongeza, na sasa barafu ya ziwani inayeyuka. Mpelelezi ni mtu mpole, dada, sitaki kumsingizia, alinimiminia chai, akatutafutia wakili wa bure, akaniambia, "Dada yangu, mumeo akikiri leo, kesho anangojea kesi nyumbani kwake. Akikataa, atangojea humo humo. Hata wakili wenu anaona hivyo."

Juzi mtu mmoja aliyekuwa naye chumba kimoja aliachiwa, akapita kwetu, akala mpaka akashiba, akasema kila asubuhi askari wakija kuhesabu watu Tilek husimama na kusema, "Asalaam aleikum, wakubwa. Mimi sikuiba farasi," ndipo hutaja jina lake, na hata siku aliyorudishwa kutoka kuhojiwa akiwa hawezi kusimama aliegemea ukuta akasema vilevile, na alipozidiwa na homa chumba kizima kilimsemea. Nilicheka, kisha nikaenda zizini nikalia. Najivunia mume wangu, sikufichi, lakini fahari haipasui kuni.

Na mama mkwe anaumwa moyo, nawe unajua kwetu mke hamjibu mama mkwe. Tulikuwa tunamenya peremende za kumpelekea Tilek, kwa kuwa kwenye dirisha la vifurushi la mahabusu hawapokei zenye karatasi, akasema bila kuniangalia, "Binti, aliyemzaa ni mimi, si wewe. Mwambie asaini. Jina likichafuka litafuliwa. Mimi nikishazikwa sitafukuliwa nimwone." Nikainama, nikamwongezea chai. Dada, nimwambie asaini?

Burul, kando ya ziwa Issyk-Kul

*

Burul mdogo wangu,

Nianze na mumeo, maana anastahili kutangulia. Nina miaka mingi kwenye ukurasa huu na barua za wake wa mahabusu nimezizoea, lakini yako niliisoma nimesimama. Wenye vyeo na suti katika nchi hii wamesaini mambo wasiyoyatenda, kwa hofu ya vibao viwili tu. Fundi wa viatu vya farasi amekataa majira yote ya baridi, tena kwa salamu na adabu. Na wale wenzake waliomsemea, ambao nao hakuna aliyewahukumu bado, wape heshima yao. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na mumeo moyo wake u mzima.

Sasa wewe. Eti mpelelezi mpole! Hata mchinjaji humpapasa kondoo. Anayetafuta ushahidi dhidi ya mumeo ndiye aliyekuchagulia mtetezi wa mumeo, nawe ukasema ahsante? Kila jaji alipoongeza muda, huyo wakili alisema nini? Nitakwambia mimi: alisema hana pingamizi. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu.

Kesho nenda kwenye msaada wa sheria wa serikali, umkatae huyo na umchague mwingine wewe mwenyewe. Mwambie adai Tilek apimwe na daktari wa nje, kabla alama za kipigo hazijafutika. Halafu aombe kwa jaji Tilek angojee kesi nyumbani, bila kukiri chochote. Hakuna sheria inayomtaka mtu akiri kwanza ndipo arudi kwake. Kuwekwa ndani kabla ya hukumu si adhabu, ni kuzuia mtu asitoroke, na huyo wako atorokee wapi na nyundo yake? Wenye farasi wa bonde hilo waje wamdhamini. Na waje wakupasulie kuni pia, hiyo nayo ni aibu yao.

Mama mkwe usimjibu, desturi ni desturi. Mpeleke tu mahakamani. Siku ya jaji avae kitambaa chake cheupe, akae mbele, aseme alichokuambia wewe. Uchungu wake ni wa kweli, ila anagonga mlango usio wenyewe. Tilek akisaini atakuja nyumbani, naam, mama atamwona wiki chache. Kesi ikianza, sahihi hiyo itamrudisha ndani kwa miaka, na huyo mama hatakuwepo akitoka.

Alhamisi nenda. Mwambie mmebadilisha wakili. Mwambie mama anakula, na farasi wa jirani wanatembea peku wakimngoja fundi wao, acheke kidogo. Kuhusu kusaini, nyamaza. Humo ndani kila anayemfungulia mlango anamwomba asaini, na nyumbani mama yake anamwomba. Abaki mtu mmoja duniani ambaye hakumwomba, na huyo awe mkewe.