Orodha Niliyoituma Mimi

Landless, Thika
16 Machi 2025

Mpendwa Jackie,

Habari za Doha, na mgongo wako je? Natumaini joto halijakumaliza. Huku tunangoja mvua. Kwenu Ngoliba ni vumbi tupu.

Mama yako yuko nyumbani na anakula vizuri. Naanza na hilo ili usome haya mengine ukiwa umetulia. Mwezi uliopita alilazwa siku sita. Alinikataza kukuambia, nami nilifurahi kukatazwa, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Unajua nilipata kazi Ruiru, kwa kampuni ya app ya afya. Ni mimi niliyemwekea mama yako, Tata wangu, hiyo app kwenye simu. Kila asubuhi aliandika sukari yake, alichokula na hatua alizotembea. Siku moja aliniuliza, "Kama ni ya bure, hawa watu wanakula nini?"

Nikamwambia, "Matangazo, Tata."

Nilijua si matangazo peke yake. Wachache hulipia kila mwezi wapate ushauri wa daktari, lakini kipato kikubwa hutoka kwa habari za watu: nani ana sukari, nani ana presha, nani anatafuta mtoto. Wauza dawa na bima hununua. Ruhusa yenyewe ni kubonyeza "Nakubali" tu. Tata hakubonyeza hata hiyo. Nilimbonyezea mimi.

Januari bosi wangu, Rohan, aliniambia nimtolee mteja fulani orodha ya wenye sukari wa upande wa Thika. Nikaliona jina la mama yako. Nilisita kidogo, Jackie, halafu nikatuma, nikaenda kula.

Wiki mbili baadaye mwanamke mwenye sauti nzuri alimpigia Tata, akamwita kwa jina, akamtajia hadi sukari yake ya Krismasi. Tata akaamini anatoka hospitali. Aliuziwa unga wa majani, akaambiwa aache vidonge. Akaacha. Jirani yake Ngina ndiye aliyemkuta ameanguka kando ya banda la mbuzi.

Siku ya nne hospitalini nilimweleza yote.

"Ngendo, uliona jina langu?"

"Niliona, Tata."

Akageukia ukutani. 

Nilimwendea Rohan. Alisema watu wote walikubali. Nikaacha kazi, nikapeleka malalamiko kwa serikali, na jina langu nimeliandika humo kama mtu aliyetuma. Bado hawajanijibu.

Siku hizi Tata huizima simu. Anaogopa kupigiwa na namba asiyoijua. Ndiyo sababu humpati. Mpigie kupitia Ngina, Jumapili baada ya kanisa.

Kila Jumamosi nampeleka kliniki. Ananipikia chai kama zamani. Sukari yake sasa anaiandika kwenye daftari la shule. Juzi nilinyoosha mkono nilitazame. Akalifunga polepole, akalikalia.

"Hili ni langu," akasema.

Usinisamehe haraka kwa ajili ya udugu. Nikasirikie kwanza, kisha uniandikie.

Kaka zangu Gachau na Wainaina wanakusalimu sana. Mungu akutunze kazini, na akurudishe umkute mama yako mzima.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda kwa aibu,

Ngendo